Nilikata Minazi ya Dada Yangu Nijifunze Gofu

Aliyekata ni mie. Naanza hapo makusudi, msije mkasoma mpaka kati mkaanza kunionea huruma. Msumeno aliushika mtu mwengine na fikra ilitoka kwa mtu mwengine, lakini neno "kata" lilitoka kwenye mdomo wangu huu, na wakati ule mdomo wenyewe ulikuwa bado umepinda.

Jina langu sitoi. Ya wenzangu natoa, maana walipokuwa wakiyafanya hawakuona haya. Mbarouk, mpeleka mboga na samaki mahotelini, rafiki yangu wa tangu ujana. Vuai, mwenye msumeno wa mashine. Na Rukia, mke wangu, ambaye akisoma hapa atanuna. Nuna tu, mama. Na wewe umo.

Mie ni mtu wa makamo, skuli niliachia darasa la tano. Nina duka dogo la spea za vespa na pikipiki pale Darajani. Nyumba ninayokaa ipo Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, ghorofani, na ngazi zake zimesimama wima utadhani zilijengewa paka.

Mwaka juzi kiharusi kilinipiga dukani, kabureta mkononi. Upande wa kushoto wote ukafa. Mguu, mkono, uso. Nikatoka hospitali roho ipo, mwili gunia.

Rukia akasema zile ngazi hawezi kunipandisha. Kweli, hawezi, nani anaweza? Lakini mtu anaweza kulisema neno hilo huku analia, na anaweza kulisema huku anatafuta chaji ya simu. Yeye alikuwa anatafuta chaji.

Aliyekuja kunichukua ni Da Mize, dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama. Mama alikufa mie sijang'oka hata meno ya utoto, na Da Mize ndiye aliyenilea. Mpaka nimeota mvi alikuwa akiniita mwanangu. Alikuja na gari ya kukodi na godoro, akanilaza nyuma, tukaenda shamba, kijijini kwetu upande wa Kiwengwa, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja.

Kule alinifanyia mambo ambayo mwanamme haandiki. Naandika. Alinifuta mavi. Alinilisha uji kwa kijiko, unamwagika upande uliopinda, anafuta, anaanza tena. Jioni alinikanda kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, kwa nazi zake mwenyewe. Asubuhi anakwenda pwani kwenye mwani wake, anarudi mikono imechubuka kwa chumvi na kamba, na mikono hiyohiyo inanigeuza kitandani. Hata siku moja hakusema nimechoka.

Sasa niwaeleze hizo nazi zake, maana ndizo zenyewe.

Kwetu Unguja ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu chengine. Ardhi inaweza kuwa yako, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mtu mwengine kabisa, na huyo mtu ana haki ya kuja kuangua, kuokota, kuchukua makuti yake, na wewe mwenye ardhi ukae kimya. Hili mtoto wa shamba hafundishwi na mwalimu, anakua nalo. Baba alipoona hali yake si nzuri aliita watu, akasema, kiwanja hiki nampa mwanangu wa kiume, na minazi iliyomo ndani ni ya Mize, nimempa mkononi mwake. Akaniuliza mbele ya watu, umesikia? Nikajibu naam.

Naam niliisema mie. Hakuna aliyenisemea.

Na minazi ile haikuwa pambo. Nazi anapikia na anatoa mafuta. Makuti anasuka anaezekea. Makumbi anayazika kwenye tope la pwani mpaka yaoze, anayachimbua, anayatwanga, anasokota kamba. Mwani ukiharibika kwa joto, na siku hizi unaharibika kila mara, minazi ndiyo iliyomsimamisha. Hakuwahi kuniomba hata chumvi.

Basi. Mguu ulianza kurudi, nikawa natembea na mkongojo uani. Mkono ndio uliokuwa mkaidi. Hospitali walinambia nishike kitu, nizungushe, nisiuache ulale. Da Mize akanipa fimbo, akaokota vidaka, vile vinazi vichanga vinavyodondoka kabla ya wakati wake, akavipanga mchangani mbele yangu.

"Piga hiki, mwanangu," anasema. Nikikosa anacheka mpaka anashika kiuno. "Umempiga jini. Haya, piga hiki chengine."

Nikawa napiga vidaka. Siku ya kwanza nilipokipeleka kimoja mpaka kwenye kisima, alipiga vigelegele peke yake, majirani wakatoka wakidhani kuna harusi. Hapo ndipo nilipoanza kupona. Sikuhitaji kitu chengine! Fimbo, vidaka, na mwanamke wa kuniokotea. Ningebaki hapo, leo nisingekuwa naandika upuuzi huu.

Akaja Mbarouk.

Alikuja kunitazama mgonjwa, ameleta machungwa. Akanikuta napiga vidaka, akacheka, lakini si kicheko kile cha dada. Akasema, "Bwana we, mchezo huo wenziwo wanauchezea kwenye majani ya kumwagiwa maji, na wewe unachezea uchafu wa minazi." Akatoa simu, akanionesha wazungu wenye suruali nyeupe wanapiga kijipira kinaruka mpaka hakionekani. Gofu hiyo. Akanieleza kuwa hoteli moja kubwa upande ule ule wetu ina uwanja wake, na wataweka siku ya kuwaalika watu wanaofanya nao biashara. Yeye amealikwa. Anaweza kunitia na mie.

Akajua pa kunishika. Akasema hoteli ile ina mapikipiki ya kukodisha wageni na vile vigari vya kubebea watu uwanjani, na vyote vinakula spea, na wakubwa wa pale hawamalizi mambo ofisini, wanayamaliza kwenye majani wakitembea. Mtu asiyejua kushika fimbo hana wa kutembea naye.

Nitasema kweli, si spea zilizonitia tamaa. Nilikuwa nimelala miezi, watu wanaingia wanasema masikini, wanatoka. Siku za kurudishwa hospitali, Darajani nikipita kwa mkongojo wenzangu walikuwa wananipisha njia kama jeneza. Nilitaka siku moja tu wanione nimesimama na suruali nyeupe katikati ya watu wazima wenye afya zao. Hilo tu. Ujinga mtupu!

Nilipompigia Rukia, yeye ndiye aliyekuwa mbio kuliko mie. Miezi yote ile alikuja shamba kwa kuhesabika, lakini kusikia gofu alikuja siku ile ile, na suruali, na kapelo, na glavu moja, na viatu vyenye meno chini. Fimbo alizipata kwenye mitumba, mfuko mzima. Alinipiga picha uani, akanambia nisiegemee mkongojo, akaipeleka kwa wenzake. Da Mize alisimama mlangoni akanitazama na ile kapelo, akasema, "Mwanangu umekuwa Mtaliana." Akaingia zake ndani kukuna nazi.

Mbarouk akawa anakuja kunifundisha, na yeye mwenyewe hajui, anafuata simu. Tukaweka kijipira, nikapiga, kikagonga shina la mnazi, kikarudi kikanipiga muundi wa mguu ule mzima. Nikapiga chengine, kikagonga mnazi mwengine. Safu yenyewe imekatiza kiwanja kutoka kisimani mpaka njiani, na pengine pa wazi hakuna, ni mawe na mihogo ya watu.

Mbarouk akakaa juu ya jiwe, akaitazama ile minazi.

"Hii inakuziba, bwana."

"Si yangu."

"Ardhi ya nani?"

"Yangu."

"Basi?"

Nikamwambia unajua kwetu mambo yalivyo. Akasema, ah, hayo mambo ya wazee, minazi yenyewe mikongwe, haizai kitu, mwanamke wa umri ule hapandi, mkwezi anamla nusu. Ukiikata utamwondolea tabu. Utamnunulia mafuta ya dukani, yasiyonuka moshi. Na magogo asijali, yeye atayaondoa na gari yake, atayatupa huko.

Atayatupa huko. Wekeni neno hilo.

Nilikataa siku ile. Safari nyengine nikakataa kwa sauti ndogo zaidi. Rukia akanambia kwenye simu, "Hivi wewe ni mwenye kiwanja au mpangaji wa dada yako?" Mwanamme aliyevuliwa na kuvishwa nguo na dada yake, neno hilo likamwingia mpaka mfupani. Nikajisemea nitamwambia. Nikajisemea nitamwambia baada ya kukata, ndiyo vizuri zaidi, atakuwa hana la kuamua. Mtu anayetaka kudhulumu hujizungumzia maneno laini sana!

Na siku niliichagua mie. Hapa ndipo pabaya. Mbarouk hajui habari za maji, mtoto wa mjini. Mie ndiye niliyemwambia mlete Vuai siku ya bamvua. Bamvua maji yanatoka mpaka kule karibu na mwamba, na wanawake wa mwani wanakwenda mbali, wanakaa mpaka maji yaanze kuwarudisha. Nilijua dada yangu hatafika haraka. Nililihesabia hilo kama mwizi anavyojua mwenye nyumba yupo msikitini.

Asubuhi aliniwekea chai na muhogo, akafunika. Akasema leo nitachelewa, mwanangu, usinisubiri kula. Akaenda na kamba zake begani.

Vuai alifika na mashine. Huyu namtaja kwa sababu ni mtu wa kijiji cha jirani, anajua kama sisi tunavyojua. Aliniuliza, Bi Mize yupo wapi? Nikamwambia pwani. Akatazama chini, akavuta ule uzi, mashine ikaunguruma. Hakuuliza tena. Vuai, ungeuliza mara ya pili! Mara moja zaidi tu, labda ningeona haya.

Ukaanguka wa kwanza. Ardhi ikatetemeka mpaka kwenye mguu wangu mbovu nikausikia, ule mguu ambao ulikuwa hausikii. Wa pili. Wa tatu. Mbarouk anapiga makofi, anasema sasa uwanja unaonekana.

Mwisho wa safu, karibu na njia, ukabaki mmoja mwembamba kuliko wenziwe.

Huo haukuwa wa baba. Da Mize alizaa mara moja, mtoto wa kike, Mwanaidi. Alipozaliwa kitovu chake kilizikwa pale na mnazi ukapandwa juu, kama tunavyofanya. Shimo nililichimba mie, kijana wakati huo, kwa jembe la baba. Mwanaidi alikufa kwa surua kabla hajaanza chuo cha Kurani. Mnazi ukakua. Da Mize hakuwahi kuuza nazi za mnazi ule, akiwapa watoto wa watu.

Vuai akazima mashine. Akaniuliza, "Na huu?"

Mbarouk akasema upo katikati kabisa ya njia ya mpira.

Nikasema, "Na huo. Kata."

Ndilo lile neno nililowaambia mwanzo. Sikusukumwa. Sikulewa. Ugonjwa haukunipanda kichwani, daktari alishasema kichwa changu kizima. Nilisema kata kwa sababu wanaume wawili walikuwa wananitazama, na mie sikutaka kuonekana ninamuogopa mwanamke.

Mbarouk aliyapakia magogo kwa haraka ya ajabu. Alikuja na gari kubwa na vijana wa kubeba, wameshajiandaa. Wakati ule nikaona ni wema.

Da Mize alirudi na gunia la mwani kichwani, kanga imelowa mpaka kifuani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti uani, nimevaa glavu. Alisimama njiani. Hakulitua gunia. Maji yanamchuruzika usoni, hayafuti.

"Nlisikia mashine toka kule mwambani," akasema. "Nkasema leo mahoteli yanamuonea nani tena, masikini."

Nikaanza kueleza. Mikongwe, haizai, mafuta ya dukani, hoteli, spea. Nilieleza sana. Yeye akapita kila kisiki, akafika ule wa mwisho, akainama, akaugusa utomvu kwa kidole. Hapo ndipo alipotua gunia.

Nilingoja anitukane. Nilingoja alie. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, hata kuku hawakushtuka:

"Ardhi yako, bwana. Cheza."

Bwana! Mtu aliyeniita mwanangu tangu najua kusikia. Akaingia ndani, akanipakulia chakula, akaniwekea mezani, akafunga mlango wa chumba chake.

Na mnajua nilifanya nini? Nilicheza! Mungu wangu, nilicheza. Nilisema kilichokatwa kimekatwa, na siku ya gofu inakuja. Nikawa napiga vijipira katikati ya visiki, na yeye yumo ndani anasikia kila pigo, na hakuna tena wa kuniokotea, najiinamia mwenyewe na huu mguu. Alikuwa ananipikia. Mafuta hakunikanda tena, aliniwekea chupa ya dukani juu ya stuli, nijipake. Baada ya siku chache nikarudi mjini. Ngazi nilishaweza, moja moja.

Siku yenyewe ikafika. Mbarouk alinipitia Malindi, Rukia amenipulizia manukato mpaka napiga chafya. Tukafika hotelini. Nilikuwa nimenyooka, nimeacha mkongojo kwenye gari.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni uwanja mwengine mdogo pembeni, umeandikiwa bango. Kijana wa pale akaja, mtu wa kwetu huku huku, amkio lake la adabu, shikamoo mzee. Akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza. Akasema basi tupite hapa, hapa ndipo wanapojifunzia wanaoanza, wiki zote hizi tulikuwa tunawakaribisha wageni wetu waje kujaribu kabla ya siku. Fimbo tunaazima. Akaufungua mfuko wangu, akatazama, akasita. Akasema kwa upole fimbo hizi ni za mtu anayetumia mkono wa kushoto.

Nikamgeukia Mbarouk. "Hapa pa kujifunzia ulikuwa unapajua?"

"Si nlitaka ujizoeze kwako, usije kuaibika mbele ya watu."

Alikuwa anapajua! Anapeleka mboga pale kila siku ya Mungu!

Nikataka kukaa, na mkongojo nimeuacha garini. Wakanipeleka kwenye banda jipya la kulia, la makuti, linaelekea uwanjani. Makuti bado yana rangi. Nikashika nguzo nisianguke.

Mkono wangu ukaingia kwenye kidato.

Kidato ni pale panapochongwa kwenye shina la mnazi, mkwezi apate pa kukanyagia. Baba yangu alikuwa mfupi, mfupi sana, na vidato vyake alivichonga vimekaribiana kuliko vya mtu yeyote kijijini. Wakwezi wakimcheka, wanasema minazi ya mzee huyu inapandwa na watoto. Nikatazama juu. Vidato vimekaribiana. Nikatazama nguzo ya pili. Ya tatu. Nimezungukwa na minazi ya dada yangu, imepakwa vanishi inang'aa, na juu yake zimetundikwa taa.

Ule mwembamba waliufanya wa kuwekea glasi. Umelazwa, umepasuliwa katikati, watu wameegemeza viwiko.

Sikupiga kelele. Nilikwenda mpaka alipo Mbarouk na wenziwe, nikamuuliza hizi nguzo kazitoa wapi.

"Kwako. Si uliniambia niziondoe?"

"Ulisema utazitupa."

"Nimezitupa hapa, bwana," akasema, na wenziwe wakacheka. Halafu akawageukia, akawasimulia mbele yangu, mie nimesimama hapo hapo: "Huyu mnayemuona kafyeka shamba zima la dada yake apate kupiga kijipira. Mtu wa spea huyu, lakini kwa gofu hana mchezo." Wakacheka zaidi. Mmoja akanipa mkono, ananipongeza. Mzungu mmoja akataka atafsiriwe, akatafsiriwa, na yeye akacheka.

Nikautazama mkono wangu wa kushoto na ile glavu. Ulikuwa haufungi ngumi. Ungefunga, Mbarouk, wallahi leo ungekuwa unakula kwa mrija.

Sikupiga hata kijipira kimoja. Mfuko wa fimbo niliuacha pale pale bandani, nikatoka kwa miguu mpaka barabarani na vile viatu vya meno, kila hatua kama natembea juu ya maganda, na nikaenda kwa dada.

Nilimkuta njiani anatoka dukani. Mkononi ana nazi. Nazi moja, ya kununua, ameishika kwa chini chini ndani ya kanga, kama mtu aliyebeba kitu cha aibu. Dada yangu mie, mtoto wa baba yetu, ananunua nazi!

Nikaanguka pale pale. Si ugonjwa, nilijiangusha mwenyewe, nikamshika miguu, suruali nyeupe kwenye vumbi. Nikamwambia yote, na banda, na nguzo, na ule wa Mwanaidi ulivyofanywa. Hilo la mwisho nisingemwambia! Nilidhani nikisema yote nitakuwa nimetubu. Kumbe nilikuwa nampa na yeye nusu ya mzigo wangu aubebe. Alifumba macho. Akasema ninyanyuke, watu wanapita.

Nikamwambia nitapanda myengine, miche ya kisasa, ile mifupi inayozaa haraka. Akaniuliza, "Haraka ipi, bwana? Nna umri gani mie wa kungoja mnazi?"

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, kwa Mungu hana deni na mie. Na ni kweli kanisamehe, mwanamke yule hasemi uongo. Hilo ndilo linalonitia wazimu! Angenishtaki kwa sheha ningelipa. Angenilaani ningekuwa na la kumjibu.

Sikukuu iliyopita nilikwenda kumpa mkono wa Idi. Nikapiga hodi, nikasema shikamoo Da Mize. Akajibu, "Marahaba, karibu." Akanitandikia mkeka barazani, ule mpya wa wageni. Mie maisha yangu yote nikifika pale nilikuwa napita moja kwa moja mpaka jikoni, nafunua vyungu, napigwa mkono kwa mwiko. Safari hii akaniletea chai kwenye sinia, kikombe cha maua na kisahani chake, visheti vimepangwa. Akakaa upande wa pili wa baraza, ameteremsha kanga vizuri kichwani, akaniuliza habari za mjini, za biashara, za Bi Rukia. Akaniuliza mkono unaendeleaje. Kila neno na adabu yake. Hata yule bwana shamba anayekuja kukagua mwani hakaribishwi vizuri zaidi.

Nilipoinuka alinisindikiza mpaka njiani, akanishukuru kwa kuja.

Mkono umerudi kulala. Rukia ananikanda siku akikumbuka, huku anatazama tamthilia, na ananikanda ule mzima. Mbarouk bado anapeleka mboga hotelini, na nikipita anaita, "Gofu! Gofu!" mtaa mzima umeshika jina hilo. Vuai anakata miti ya watu kama kawaida.

Sasa nyie mnaosoma. Akija mtu kukutazama mgonjwa, akaanza kukutafutia mchezo wa wakubwa, mwangalie macho yake yanatazama nini nyuma yako. Na wewe mwenye kiwanja chenye mti wa dada yako, wa shangazi yako, wa mjane wa ndugu yako, na kuna mjanja anakuuliza ardhi ya nani, usimjibu. Nenda ukamuulize mwenye mti. Mngoje arudi pwani, hata akichelewa. Akisema hapana, uache usimame, na gofu kacheze kwenye majani ya wenyewe.